Akina Biira Maria Sita

Mwezi uliopita tulimzika mama mdogo kwake Nyakiyumbu. Mwongozaji wa mazishi, kijana mmoja mwenye kipaza sauti cha kukodi, alitutangazia kwamba marehemu alikuwa mtu wa amani ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kugombana na mtu. Bibi wawili waliokuwa nyuma yangu waliangua kicheko mbele ya jeneza, mmoja akajifunika mdomo kwa kanga. Mimi sikucheka, nilikasirika. Mama mdogo aligombana na watu tangu nimfahamu, aligombana na majirani, na mapadri, na wanunuzi wa kahawa, na aligombana vizuri. Ukimzika mtu ukamvika upole ambao hakuwa nao, umemwibia, na safari hii hawezi hata kukudai. Usiku huo nilirudi nyumbani nikiwa na hasira hiyo na nimekaa nayo mpaka leo, ndiyo inayonikalisha hapa kuandika. Habari za ukoo wetu naziacha, anayetaka ukoo aende akawaulize wazee. Nataka kueleza mwaka mmoja tu, ule ambao nilimkosea mama mdogo kosa ambalo hata sasa, na mvi hizi, likinijia njiani natembea haraka.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimemaliza sekondari, sina kazi, nina mwandiko mzuri na kiburi cha kuwatosha watu watatu. Nilipanga chumba Bwera, mji wa mpakani na Congo, nyuma ya duka la Mama Kavira, mfanyabiashara wa kutoka Butembo, ng'ambo ya mpaka, Mkatoliki wa misa ya kila asubuhi, aliyekuwa akivuka na vitenge na mafuta ya mawese na kurudi kwao na sabuni na chumvi ya Katwe. Chumba kilikuwa na kitanda, meza ambayo mguu wake mmoja ulisimamia tofali, na dirisha lililotazama ua alikopikia. Ukuta ulikuwa wa mbao nyembamba, kwa hiyo kila lililosemwa dukani lilinifikia: bei ya dola, nani kazuiliwa mpakani na bidhaa zake, mume wa nani kaonekana Kasese na nani. Jioni Mama Kavira alinigongea ukuta kwa mwiko. "Kavugho, njoo kula, utakufa na ile mabuku yako!" Mimi ni Kabugho, lakini kwao wanatamka hivyo, na mtu anayekulisha ana haki ya kukuita anavyotaka. Tulikula fufu, ule ugali wa muhogo, na sombe, mboga ya majani ya muhogo iliyong'aa mawese, na samaki wadogo wa kukaanga aliowahesabu kwa macho kabla hajanisogezea sahani.

Mama mdogo alikuwa mwenyekiti wa chama cha wanawake wakulima wa kahawa huko Nyakiyumbu, wanawake arobaini. Mwaka huo serikali ilitangaza ruzuku: mkulima akitoa theluthi moja ya bei, serikali inalipa iliyobaki, naye anapata gunia la mbolea na turubai la kuanikia kahawa. Kwa mtu wa mjini turubai ni turubai tu. Kwa mama mdogo lilikuwa jambo kubwa, kwa sababu kahawa yake aliianika chini kwenye udongo, na wanunuzi walichukua punje chache, wakazinusa, wakakunja uso, wakampa bei ya kumdhihaki. Aliuza mbuzi wake wa pekee ili apate ile theluthi. "Mwaka huu kahawa yangu hailali chini tena," aliniambia, "na yule mnene wa mizani atainusa mpaka pua imuume." Alinifanya katibu wa chama bila kuniuliza. Alisema shule niliyosoma haiwezi kuoza bure kichwani.

Orodha tuliiandika sebuleni kwake, siku ya mvua. Naikumbuka sebule ile kuliko nyumba yoyote niliyoishi baadaye: picha ya Bikira Maria, kalenda tatu za miaka iliyokwisha ambazo hakuzitoa kwa kuwa karatasi zake zilikuwa nzuri, harufu ya nguo zilizolowa, na sufuria ya viazi vitamu katikati ya mkeka ikipungua polepole. Wanawake walikuja mezani mmoja mmoja. Jina? Biira Maria. Anayefuata, jina? Masika Yosefina. Jina? Biira Maria. Wa tatu alipotamka Biira Maria sebule nzima ilicheka, wa sita alikuwa mama mdogo mwenyewe, naye alilitamka kwa sauti ya mtu anayedai haki yake. Asiyekuwa wa kwetu nimweleze. Sisi Wakonzo jina la kwanza hatulichagui, mtoto huja nalo kwa zamu yake ya kuzaliwa. Binti wa kwanza ni Masika, wa pili ni Biira, wa tatu Kabugho, wa nne Mbambu, na kuendelea. Kwa hiyo mlima mzima umejaa akina Biira, na hakuna anayechanganyikiwa, maana ukisikia Biira unauliza tu: wa kwa nani? Hilo la Maria lilikuwa la padri mmoja mzee aliyewabatiza wote, ambaye nadhani alikuwa na jina moja tu la kike mfukoni. Niliandika kama nilivyoambiwa, Biira Maria mara sita, nikapiga mstari kwa rula chini ya orodha, nikajiona mtu.

Baada ya wiki tatu nikaitwa Kasese. Afisa wa ruzuku alikuwa mtu aliyetoka jeshini akapewa meza, na bado alikaa kana kwamba meza hiyo ingeshambuliwa. Mbele yake ilikuwa orodha yangu imechorwa kalamu nyekundu. "Wewe ndiyo karani? Sasa hii ni nini? Mtu moja nataka kula mara sita?" Nikamweleza kwamba ni watu sita. "Kompyuta nakataa. Kompyuta nasema hii ni mtu moja. Hii ndiyo ile wakulima hewa tunatafuta." Wakulima hewa walikuwepo kweli nchini, kila mtu alijua, lakini hawakuitwa Biira, na hawakuuza mbuzi. Nilipojaribu kumweleza habari ya zamu za kuzaliwa alinyanyua mkono. "Mimi sitaki hadithi ya mlima. Tofautisha hii majina mbele ya Ijumaa, ama chama yote inatoka." Akayaandika maneno hayohayo kwa wino mwekundu juu ya orodha, tofautisha majina kabla ya Ijumaa, akaweka sahihi yake, akaisukuma kwangu. Nilitoka nje kwenye jua la Kasese nikiwa na theluthi za wanawake arobaini kichwani mwangu, na ilikuwa Jumatano.

Ningeweza kwenda Nyakiyumbu siku ileile. Nimejipa visingizio vingi katika miaka hii, kwamba mvua ilikuwa imekata njia, kwamba sikuwa na nauli. Ukweli ni kwamba sikutaka kuwauliza, kwa sababu nilijua watakataa, na mimi niliona kukataa kwao ni ushamba. Nilikaa kwenye ile meza ya tofali nikawapa majina. Biira Maria Neema. Biira Maria Furaha. Biira Maria Tumaini. Wa nne Baraka, wa tano Rehema, na nilipofika kwa mama mdogo nilikuwa nimechoka, nikaandika Zawadi. Mama Kavira aliingia na chai ya tangawizi, akainama juu ya karatasi, akasoma kwa kidole.

"Ile Zawadi ni nani?"

"Mama mdogo."

"Anajua?"

"Nitamwambia."

"Utamwambia lini?" Aliweka kikombe chini. "Kavugho, hata kwetu Butembo beko vile vile, mimi niko Kavira juu ya kuzaliwa wa pili, kama ile Biira yenu. Mutu anazaliwa na zamu yake. Padri anaongeza ya Mungu. Donc wewe uko nani, wewe? Uko padri?" Nilimjibu kwamba ni karatasi tu. "Bon," alisema, "kama ni karatasi tu, andika yako Zawadi," akatoka na mlango akaufunga kwa kisigino. Sikuandika langu. Ijumaa orodha ilipokelewa, afisa akanisifu kwamba nina akili, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilinunua nyama robo kilo tukala na Mama Kavira.

Niliwapelekea habari Nyakiyumbu kwamba mambo yamenyooka. Hayo tu. Niliwaza kwamba siku ya kugawa nitasimama karibu, likiitwa jina nitamgusa mhusika bega, atakwenda, basi. Lakini mipango ya mjuaji haina miguu. Siku hiyo kwenye uwanja wa ofisi ya kata, lori la Haji Isa, mchukuzi wa Kasese aliyekodiwa na mradi, lilishusha magunia arobaini na maturubai yake, na afisa akatangaza kwamba hakuna mtu kusogea mezani ila mwenye jina, na karani akae pale, chini ya macho ya afande wa polisi. Majina ya kwanza yalikwenda vizuri. Akina Masika walitwaa magunia yao, akina Kabugho na akina Mbambu wakafuata, vigelegele vikapigwa. Kisha afisa akaita, "Biira Maria Neema!" Hakuna aliyesogea. "Biira Maria Furaha!" Wanawake wakatazamana. Mmoja akamwuliza mwenzake kama hao ni wageni kutoka Kitswamba. Nilinyanyuka, afande akanionyesha kidole. "Kaa chini!" Afisa aliita majina yote sita, moja baada ya lingine, polepole, na nilipomwangalia usoni niliona anafurahia. "Biira Maria Zawadi!" aliita mara ya mwisho. Mama mdogo alikuwa mstari wa mbele kabisa, kadi yake ya kura mkononi, akiangaza huku na huku kumtafuta huyo Zawadi.

"Munaona?" afisa alisema. "Watu sita haiko. Wakulima hewa! Afande, shika huyu karani."

Mkono wa afande ulikuwa mzito begani mwangu. Sikuogopa jela kama nilivyoyaogopa macho ya mama mdogo, kwa maana alikuwa ameelewa, alikuwa mwepesi kuelewa kuliko sote. Alinijia mpaka pua zetu zikakaribia kugusana, akaniuliza kwa Kikonzo, sauti ya chini, "Ulinipa jina?" Nikaitikia kwa kichwa. "Zawadi. Nani alinitoa, na alimpa nani?" Akaendelea, "Mama yangu alizaa Masika, akazaa mimi. Masika alikufa. Mimi ndiye ninayeonyesha kwamba Masika alikuwepo. Ukinifuta mimi, umefuta na yeye. Hilo hukufundishwa?" Nilianza kulia, na hakunihurumia hata kidogo.

Afisa, kwa kuona hali ile, akalegeza sauti. Labda hakutaka makelele mbele ya umati. Akasema yeye si mtu mbaya, kama hawa wamama sita wako, waje wapige dole gumba mbele ya majina kama yalivyo, wachukue mbolea yao, waende, mambo yaishe. Nawaambia, lilikuwa jambo jepesi mno. Wino ulikuwa pale, gunia lilikuwa pale, turubai jipya la buluu lilikuwa pale limekunjwa. Nilimwomba mama mdogo kwa macho akubali. Akamgeukia afisa, na hapo akasema kile Kiswahili chake cha sokoni, kwa sauti ya kufika barabarani.

"Ssebo, bwana, mimi iko Biira. Nilizaliwa ya pili. Huyu pia iko Biira, nyumba ya mama ingine. Na huyu. Sisi sita, tumbo sita, shamba sita. Mimi sijui Zawadi. Nikiweka kidole kwa Zawadi, kesho Zawadi atakuja kuchukua shamba yangu, utasema nini?"

"Mama, ni jina tu."

"Kama ni jina tu, wewe andika yangu kwa kitambulisho yako."

Umati ulicheka, afisa akavimba. Akaamuru magunia yale sita yapakiwe yarudi Kasese, na karani apelekwe kituoni. Hapo mama mdogo akaniuliza nani aliniagiza, nikauangalia mkoba wangu, akaninyang'anya, akapekua, akatoa ile orodha ya kwanza yenye wino mwekundu na sahihi, akainyanyua juu. Hakujua kusoma vizuri, lakini wino mwekundu aliujua. "Kabugho, soma!" Nikasoma: tofautisha majina kabla ya Ijumaa. "Nani alisema atofautishe? Afande, mtu hutofautisha sita ama hutofautisha moja? Huyu bwana alijua tuko sita! Huyu mtoto alitukosea sisi, sisi ndiyo tutamchapa, si wewe. Kama unamfunga, funga wote wawili." Afande aliitazama karatasi, akamtazama afisa, na taratibu akaondoa mkono wake begani mwangu. Mama mdogo hakusubiri. Alienda akaketi juu ya gunia la kwanza. Biira wa pili akaketi juu ya la pili. Walipotimia sita, wale wengine ambao walikuwa wameshapata yao waliirudisha chini mizigo yao wakaketi pia, kuwasindikiza.

Walikaa mpaka alasiri. Mtu alileta mahindi ya kuchoma, mwingine akaleta mtoto anyonye. Afisa alimwamuru Haji Isa apakie, na Haji, aliyekuwa amemaliza kuswali kwenye kivuli cha lori lake, alikunja mkeka bila haraka. "Mkubwa, mimi nilikodiwa kubeba mbolea. Wamama haiko kwa karatasi yangu. Waondoe, nitapakia." Nani angewaondoa? Mwishowe magunia yale sita na maturubai yake yalifungiwa kwenye stoo ya kata, hapohapo Bwera, mpaka orodha isahihishwe. Hawakupewa, lakini hayakwenda Kasese pia, na wenyeji wote tulijua kwamba gunia likifika Kasese halina njia ya kurudi.

Mimi nilihukumiwa jioni ileile. Sheria ya chama ilikuwa aliyemkosea mwenzake analipa kwa jembe, siku moja katika shamba la kila aliyekosewa. Mashamba sita basi. Nililima nikiwa na malengelenge, na adhuhuri kila Biira alinikalisha jikoni kwake, akanilisha maharage au majani ya muhogo, akanisimulia alivyozaliwa: Biira wa kwa mhunzi, ambaye dada yake mkubwa ni yule wa mlima wa juu, Biira aliyezaliwa njiani mama yake akivuka mto, Biira ambaye Masika wake aliolewa Congo na hajawahi kurudi. Nilimaliza mashamba matano nikiwa nawajua kuliko nilivyojijua. La mama mdogo lilikuwa la mwisho. Alipika viazi, akanimenyea, na kwetu mtu mzima hamenyei mtoto viazi kama bado ana kinyongo naye. Kahawa yake ilikuwa inakauka pale mlangoni, chini kwenye udongo, kama miaka yote. Niliitazama nikarudisha kiazi sahanini.

Nikarudi Bwera nikaandika orodha upya. Biira Maria, mara sita, na mbele ya kila mmoja jina la baba, la mlima, na la dada aliyemtangulia. Niliipeleka Kasese mwenyewe. Afisa alisema itarudishwa. Nikamwambia irudishwe, mimi nipo, wino ninao. Ilirudi. Nikaandika tena, bila kubadilisha herufi. Ilirudi tena, safari hii na barua ya kutisha, Mama Kavira akaifungia vitumbua dukani. Ilirudi mara ya tatu. Msimu ukapita, mnene wa mizani akainusa kahawa ya mama mdogo akampa bei yake ileile, naye akaniambia, "Andika." Ya nne haikurudi.

Stoo ilifunguliwa mvua nyingine zilipokuwa zimekwisha kuanza. Afisa alikuwa yuleyule, na hakutuangalia usoni. Magunia yalikuwa yameshika unyevu pembeni, maturubai yamekula vumbi. Alishika orodha, akakohoa, akaita, "Biira Maria, wa kwanza." Mama mdogo alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka mezani. Alitazama mlima. Nilimsogelea nikamnong'oneza kwamba ameitwa, nikidhani hakusikia. Akanikanyaga mguu. Ilimbidi afisa apandishe sauti, uwanja mzima ukimsikia, "Biira Maria!" Ndipo mama mdogo alipoitika na kwenda kuchukua turubai lake. Alikuwa amesikia tangu mara ya kwanza, ila alitaka alirudie.